Mashine ya boti inakata ukipandisha moto: mwongozo wa kutafuta tatizo la mafuta, kuanzia tangini hadi kwenye kabureta

Mashine inawaka vizuri ufukweni. Unatia gia, unatoka taratibu, hakuna shida. Ukishapita maji madogo na kupandisha moto, yaani kuongeza mwendo wa mashine, inakwenda dakika chache, kisha inaanza kulegea, sauti inashuka, inazima. Ukiiacha kidogo na kuvuta kamba inawaka tena, na mchezo unarudi uleule. Manahodha wa boti za faiba wanaijua hali hii kutoka Lamu hadi Mtwara, na dawa ya kwanza inayotolewa ni kufungua kabureta. Inafunguliwa, inapulizwa, inarudishwa, na mashine inaendelea kukata, kwa sababu tatizo lilikuwa mita mbili nyuma, kwenye mpira wa mafuta au tangini.

Mwongozo huu ni wa mashine za nje za petroli za kuchanganya oili, zenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) na tangi la kubeba kwa mkono, kama zile Yamaha Enduro za nguvu farasi 15 na 40 zilizojaa pwani na maziwani. Mpangilio wake ni mmoja: anza tangini, fuata mafuta yanakopita, kabureta iwe ya mwisho.

Usilichukulie tatizo hili kama kero ya kuchelewa tu. Kwenye mashine ya kuchanganya, oili inaingia ikiwa ndani ya petroli. Petroli ikipungua, oili imepungua pia. Mashine ikilazimishwa kwenda kwa moto mkubwa huku haipati mafuta ya kutosha, pistoni inapata joto na kukosa ulainisho, mwisho inanata kwenye silinda. Kwa hiyo ikianza kulegea katikati ya safari, punguza moto hapohapo. Kuongeza moto ili "kuisukuma" hadi ufike ndiko kunakoua mashine.

Kwanza hakikisha ni mafuta

Mashine inayokosa mafuta hulegea polepole: nguvu zinashuka, inayumba, pengine inashika tena kidogo, halafu inazima. Inayopoteza moto wa plagi mara nyingi hukata ghafla, kama mtu amebonyeza swichi, au inakosa silinda moja na kutikisika. Angalia pia maji ya kupoza yanayoruka nyuma ya mashine. Yakiwa hayatoki, au yanatoka ya moto sana, acha habari ya mafuta; mashine inachemka, na hilo ni jambo lingine.

Kisha fungua plagi. Iliyokuwa inafanya kazi vizuri ina rangi ya kahawia kwenye kauri. Nyeupe kabisa na kavu inakuambia mafuta ni machache. Nyeusi na iliyolowa inakuambia yamezidi, au hayaungui. Usomaji huu una maana tu ukizima mashine ikiwa kwenye mwendo wa kazi. Ukiiacha ingurume taratibu muda mrefu kwanza, plagi zote zitatoka nyeusi na hazitakufundisha kitu. Na kama silinda moja ni nyeupe na nyingine ni kahawia, usihangaike na tangi, kwa kuwa tangi linalisha zote mbili.

Usalama, kwa ufupi ila usiruke

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unashuka na kutuama kwenye ngama, chini ya mbao, hauonekani. Shusha tangi nchi kavu kabla ya kulifungua au kulijaza. Sigara na jiko la mkaa vikae mbali, na betri ikiwepo itoe waya. Weka kizimamoto cha unga karibu, au angalau ndoo ya mchanga mkavu. Na ile tabia ya kuvuta petroli kwa mdomo iache: ikiteleza kidogo tu kuingia mapafuni, unatafuta hospitali.

Pampu ya mkono inasema mengi

Katikati ya mpira wa mafuta kuna pampu ya mkono, lile tumbo la mpira unalolibana kabla ya kuwasha. Ndani yake kuna valvu mbili zinazoruhusu mafuta kwenda upande mmoja tu, na juu yake kuna mshale. Mshale uelekee kwenye mashine. Ukiibana, ishike wima mshale ukitazama juu, maana valvu zake hufunga vizuri zikiwa wima. Wengi huibana ikiwa imelala sakafuni na kusema imeharibika.

Pampu hii inagawa njia ya mafuta sehemu mbili: nyuma yake kuna tangi, mbele yake kuna mashine. Ukijua kuisoma, nusu ya kazi imekwisha kabla hujashika bisibisi.

Mashine ikiwa imezimwa, ibane. Baada ya mibano kadhaa inatakiwa iwe ngumu na ibaki ngumu. Ngumu maana yake kabureta imejaa na sindano yake imefunga mlango. Ikiwa haigomi hata ubane vipi, yako mambo manne: tangi halina mafuta au bomba la ndani haliyafikii, kuna mahali panavuta hewa, valvu za pampu zimekufa, au mafuta yanapita kabureta na kumwagika. La mwisho utalijua kwa harufu na kwa petroli inayochuruzika chini ya kava.

Kipimo kikubwa zaidi ni cha baharini. Mchukue mwenzako, nendeni mahali salama karibu na ufukwe, wewe ushike usukani na kamba ya usalama (ile inayozima mashine ikichomoka) mkononi, yeye akae na pampu. Mashine ikianza kulegea, aishike bila kuibana na akuambie ikoje:

Ikiwa imebonyea, imenyonywa ikashikana, kuna kizuizi nyuma yake. Mashine inavuta na tangi halitoi.

Ikiwa laini lakini haikubonyea, aanze kuibana. Mashine ikipata nguvu papo hapo, mkono wake unafanya kazi ambayo pampu ya mashine imeshindwa kuifanya: ama hewa inaingia njiani, ama pampu ya mashine yenyewe imechoka.

Ikiwa ngumu na mashine bado inakufa, mafuta yamefika hapo na yamezuiwa mbele: filta, njia ya pampu ya mashine, au sindano ya kabureta iliyokwama ikiwa imefunga. Na ikiwa mafuta yanaonekana yamefika hadi kabureta na kubana hakubadilishi chochote, tazama jeti za kabureta, vile vitundu vinavyopima petroli, au rudi kwenye umeme wa plagi.

Kama ufukweni kuna boti nyingine yenye mashine ya aina yako, kuna njia fupi kuliko zote: azima tangi na mpira wake, ufunge kwako, uende mwendo uleule. Tatizo likiondoka, mashine yako nzima ni nzima na hakuna sababu ya kufungua kitu juu yake.

Tangi na dumu

Anza na tundu la hewa. Kifuniko cha tangi kina skrubu ya kufungua hewa. Ikifungwa, mafuta yanapotoka hakuna kinachoingia mahali pake, tangi linajenga mvuto na mashine inakosa. Dalili yake haina mpinzani: mashine inakata, unafungua kifuniko, unasikia hewa ikiingia "fyuu", na mashine inawaka kama haikuwa na neno. Wanaotumia dumu la mafuta ya kula la lita 20 wanaona zaidi, kwa sababu dumu linabonyea mbavuni. Chumvi huziba tundu hili hata skrubu ikiwa imefunguliwa, hivyo lipulize. Wenye kupitisha mpira kwenye mdomo wa dumu na kuuzungushia tambara hawana shida ya hewa, ila kila wimbi linalorukia ndani linawaongezea maji ya chumvi kwenye petroli.

Halafu bomba la ndani. Linashuka hadi karibu na sakafu ya tangi na chini lina kichujio cha wavu. Litoe. Wavu ukiwa na utelezi, nyuzi za tambara au ganda la kutu, usafishe. Angalia pia kama bomba halina ufa kwa juu: ufa wa juu unanyonya hewa tangi linapofika nusu, na utabaki ukishangaa kwa nini mashine inakwenda vizuri tangi likiwa limejaa tu.

Sasa mafuta yenyewe. Chukua chupa ya maji ya kunywa iliyo wazi na kavu, vuta mafuta kutoka chini kabisa ya tangi, uiache isimame robo saa. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini kama tabaka au matone yanayobingirika. Mchanga na kutu utauona pia. Kama mashine yako inakwenda vizuri maji yakiwa shwari na kukata msimu wa kusi ukianza kupanda mawimbi, hapa ndipo pa kutazama kwanza: uchafu uliokuwa umelala chini unatikiswa na kufika kwenye bomba. Kanga au kitambaa juu ya faneli kinazuia mchanga, hakizuii maji yote. Bora uache dumu litulie usiku kucha, umimine taratibu, na kile cha mwisho ukiache humo.

Petroli iliyochanganywa mafuta ya taa ni balaa la peke yake. Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuwaondolea wachanganyaji faida; hilo linakuonesha biashara hiyo ilivyokuwa kubwa. Mashine inakuwa ngumu kuwaka, inagonga ikibeba mzigo, na pistoni inapata joto. Dondosha tone la petroli kwenye karatasi nyeupe kabla hujaweka oili: safi hukauka haraka bila kuacha doa, ya mafuta ya taa huacha alama ya mafuta na harufu inayokaa. Ukishaweka oili kipimo hiki hakifai tena.

Na oili: kipimo kimeandikwa kwenye kitabu cha mashine, kifuate. Kwa 50 kwa 1, dumu la lita 20 linataka mililita 400. Kwa 100 kwa 1 ni mililita 200. Kuzidisha "ili ilainike zaidi" kunaziba plagi na kunapunguza petroli katika kila tone linalopita kwenye jeti. Tumia oili ya mashine za boti yenye alama ya TC-W3. Oili ya injini ya gari haikutengenezwa kuungua pamoja na petroli.

Mpira na konekta: mwizi asiyeacha alama

Watu hutafuta uvujaji kwa kuangalia palipolowa. Kati ya tangi na mashine hilo linadanganya, kwa sababu mashine inapokwenda njia hii inavutwa, haisukumwi. Penye ufa hapatoki mafuta, panaingia hewa. Mpira unaweza kuwa mkavu kabisa na bado ndio unaokuua.

Ukunje mpira kwa vidole sehemu zote, hasa karibu na vibano na pale unapopigwa na jua. Ukiona mistari ya mipasuko, ubadilishe. Gundi na mpira wa baiskeli ni vya kufikia nyumbani tu. Ukague pia kwa ndani: mpira wa zamani hujimenya tabaka la ndani, na kipande kinachoning'inia kinafunga njia mashine ikivuta kwa nguvu, kisha kinaachia ukipunguza moto. Kwa nje utauona mzima.

Konekta, yaani viungo vya kuchomeka mpira, zina oringi ndogo ndani, pete ya mpira ya kuziba. Ikichakaa au ikiingia mchanga inavuta hewa. Oringi ni ya bei ndogo. Badilisha bila kufikiri.

Kupima ni hivi. Chomoa upande wa mashine, chovya konekta kwenye beseni la maji baridi, ubane pampu ya mkono kwa nguvu. Mapovu yakitoka, umepata. Kwa kipande cha kutoka tangini hadi pampuni, chomoa tangini, uvalishe pampu ya baiskeli mwisho ule, ujaze upepo taratibu na kuchovya sehemu kwa sehemu. Usitumie kompresa ya matairi, itapasua. Hapohapo jaribu valvu za pampu ya mkono: upepo upite ukifuata mshale na ugome ukirudi. Kausha kila kitu kabla ya kurudisha. Mwenye subira anaweza kuweka sentimita 10 za mpira unaoonesha ndani, karibu na mashine, kwa muda wa majaribio. Mafuta yakipita na msururu wa mapovu, hewa ipo nyuma yake.

Filta ya mashine

Fungua kava. Filta nyingi ni kikombe kidogo cha plastiki unachofungua kwa mkono. Kishushe kikiwa wima, usimwage: kilichomo ni ushahidi. Tone la maji chini au unga wa kahawia vinakurudisha kwenye tangi, maana kusafisha filta na kuacha tangi chafu ni kazi itakayodumu siku mbili tu. Osha wavu kwa petroli safi, kagua oringi ya kikombe, funga kwa mkono. Kisha bana pampu ya mkono na uangalie kama kikombe kinajaa bila kuvuja.

Pampu ya mafuta ya mashine

Haina umeme. Ina dayaframu, utando mwembamba unaosukumwa na kuvutwa na shinikizo la ndani ya injini, na vilimi vidogo vinavyofanya kazi ya valvu. Utando ukilegea, mashine inapata mafuta ya kuwaka na ya mwendo wa chini, lakini haitoshelezi ukipandisha moto. Ukitoboka, petroli inapenya moja kwa moja ndani ya injini kupitia tundu la shinikizo: moshi mwingi, plagi zimelowa, na wewe unadhani ni kabureta.

Kabla ya kuifungua ijaribu. Toa klipu ya kamba ya usalama ili plagi zisitoe cheche, chomoa mpira unaotoka pampuni kwenda kabureta, uelekeze kwenye chupa, uvute kamba mara kadhaa. Mafuta yatoke kwa mapigo, yenye nguvu. Yakidondoka tu, ifungue. Piga mstari wa kalamu ubavuni kabla, ili vipande virudi kama vilivyokuwa. Inua utando dhidi ya jua: tundu la pini litaonekana. Vilimi vikae bapa bila kujikunja. Kifurushi cha vipuri vya kutengenezea pampu huuzwa kikiwa kamili. Ukishafungua, weka kipya chote. Kaza skrubu kwa kuvuka, kidogo kidogo.

Kabureta, sasa

Ukiwa umefika hapa na mafuta yanafika kabureta safi na kwa nguvu, una haki ya kuigusa. Anza na skrubu ya kumwagia chini ya bakuli, kinga kwenye gilasi. Ukiona maji, wakati mwingine kumwaga bakuli mara mbili na kujaza upya kunatosha.

Kama haikutosha, itoe. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa mikono na vijiti vyake. Wenye kabureta mbili wasivuruge maunganisho yanayozifungua kwa pamoja. Skrubu ya hewa ya mwendo wa chini ikaze kwanza hadi igote kidogo ukihesabu mizunguko, andika, ndipo uitoe.

Jeti zitazame kwenye mwanga. Tundu liwe duara kamili. Lililoziba lizibue kwa mshipi wa nailoni wa kuvulia, mwembamba, kisha upulize. Waya wa chuma unakwaruza, na jeti iliyopanuka hata kidogo inapitisha kipimo kingine. Jeti kubwa ikiziba mashine inakufa kwenye moto mkubwa. Ndogo ikiziba haikai ikinguruma taratibu. Hilo pekee linakuambia uanze na ipi. Floti itikise sikioni: ikiwa na petroli ndani imetoboka. Ncha ya sindano ikiwa na mfereji uliochimbika, ibadilishe. Geuza kabureta juu chini floti ifunge sindano kwa uzito wake, pulizia njia ya kuingilia mafuta, upepo usipite. Vipande vya mpira usivitie kwenye tina, vinavimba. Na kabla ya kufunga angalia choki inafunguka hadi mwisho.

Jaribio

Washa maji yakiwa ya kutosha kupoza mashine, ipate joto taratibu, kisha nenda na mzigo wa kawaida karibu na ufukwe kwa moto ule uliokuwa unakata. Boti tupu haisemi kweli. Zima ikiwa kwenye mwendo huo, soma plagi.

Wenye mashine mpya za mipigo minne (zisizochanganya oili na petroli) zenye kompyuta: hatua za tangi, mpira, konekta na filta ni zenu pia. Baada ya hapo kuna pampu ya umeme yenye presha kubwa, na mpira wake ukifunguliwa bila kushushwa presha unarusha petroli usoni. Hapo mwachie fundi mwenye vifaa.

Cha kubeba kila safari: plagi mpya, kichujio kimoja, oringi kadhaa, dumu dogo la mafuta yaliyochujwa, na mpira mzima wa akiba wenye pampu ya mkono. Mpira huo uvalishe konekta za mashine yako kabisa kabla hujauweka, kwa sababu za kampuni tofauti haziingiliani, na uufunge mbali na jua.